Rauta Moja, Kazi Mbili: Mashine Gani Inafaa Kikundi Chenu?



Vikundi vingi vya kujisaidia vina mafundi wa mbao ndani yao. Walianza na msumeno, randa, patasi na nyundo. Wakatengeneza vitanda, milango, madawati ya shule na viti vya kanisa. Akiba ikaongezeka kidogo kidogo, na sasa wanauliza: tununue mashine gani? Mara nyingi jibu linalokuja ni rauta, kwa sababu ni ndogo, inabebeka, na mteja anaiona kazi yake mara moja.

Ni jibu zuri, lakini lina mtego. Kuna kazi za rauta iliyoshikwa mkononi, na kuna kazi ambazo hazitoki vizuri mpaka rauta ifungwe chini ya meza. Kikundi chenye pesa ya mashine moja tu hakina nafasi ya kukosea. Kikinunua ndogo mno, meza italala bure. Kikinunua kubwa mno, fundi atachoka mikono na kuharibu kazi ya mteja. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuchagua rauta moja itakayofanya kazi zote mbili, na jinsi ya kujua kama kwenu jambo hilo haliwezekani.

RAUTA NI NINI?

Rauta ni mota ya umeme iliyosimama wima juu ya kitako bapa. Mwisho wa mota kuna mdomo unaobana, ambao mafundi wanauita koleti. Koleti inashika kisu kidogo kiitwacho biti. Mota ikiwashwa, biti inazunguka mara 10,000 hadi 30,000 kwa dakika. Umbo la biti ndilo linalobaki kwenye mbao. Biti iliyonyooka inachimba mfereji. Biti ya mviringo inaondoa ukali wa ukingo. Biti yenye mawimbi inachora urembo.

Ukiishika rauta kwa mikono, mbao inatulia na mashine inatembea. Ukiifunga chini ya meza, biti ikichungulia juu kupitia tundu, mashine inatulia na mbao ndiyo inayotembea. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

KWA NINI KIBERA NA KAWANGWARE?

Tumechukua mfano wa mafundi wa Kibera na Kawangware, Nairobi, kwa sababu wanafanya kazi katika hali ambayo vikundi vya vijijini vinaijua: nafasi ndogo, stima isiyotegemeka, mtaji mdogo, na mteja anayetaka bei ya chini. Lakini wako karibu na soko kubwa la fanicha. Kando ya Ngong Road fanicha zimepangwa nje. Mteja anasimamisha gari, anapitisha kidole kwenye ukingo wa meza, halafu anaenda kwa fundi wa pili kulinganisha. Ukingo uliokwaruzika na ukingo laini haviwezi kuwa na bei moja.

Tena mbao si rahisi. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya mbao ilipanda na kila futi ikawa ya kuhesabiwa. Mbao moja ya sita kwa moja ikiharibiwa na mashine isiyofaa, faida ya kitanda imekwenda. Kwa hiyo kuchagua mashine ni jambo linalogusa chakula cha nyumbani.

ANZENI NA DAFTARI, SIO DUKA

Kabla ya kumtuma mtu Nairobi na pesa za kikundi, kaeni chini mwandike kazi zote mlizofanya miezi mitatu iliyopita. Halafu zigawanyeni mara mbili.

Kazi za mkono ni kama hizi: kulainisha ukingo wa meza kubwa au mlango, kuchimba mahali pa bawaba na kitasa, kukata fomaika iliyozidi, kuchonga jina kwenye kibao cha duka au kanisa, kuchimba mifereji ya rafu katikati ya ubao mpana wa kabati.

Kazi za meza ni kama hizi: mbao ndefu za urembo za milango, dari na majeneza, mbao za kushikana kwa ulimi na mfereji, fremu za picha na madirisha, paneli za milango zenye mteremko pembeni, na vipande vidogo ambavyo kitako cha rauta hakiwezi kukaa juu yake bila kuyumba.

Kanuni ni rahisi. Kitu kizito au kipana, ipelekee mashine. Kitu kidogo, chembamba au kirefu, kipeleke kwenye mashine.

Sasa hesabuni. Kama kazi nane kati ya kumi ni za mkono, nunueni rauta nyepesi na msihangaike na meza kubwa. Kama kazi nane kati ya kumi ni za meza, nunueni yenye nguvu, hata ikiwa nzito. Kama ni nusu kwa nusu, ndipo mnahitaji ile rauta moja ya kazi mbili, na hapo ndipo uangalifu unatakiwa zaidi.

AINA TATU ZA RAUTA

1. Rauta ndogo ya kiganja. Wengine wanaiita trima. Ina wati 500 hadi 700 hivi na uzito wa kilo 2 au chini yake. Inashika biti zenye shina la milimita 6 au robo inchi. Inafaa sana kwa fomaika, bawaba na kulainisha ukingo. Lakini ukiilazimisha kuchimba mfereji mpana kwenye mahogani, inapata moto na kutoa harufu ya kuungua. Hii si mashine ya meza ya biashara.

2. Rauta ya kati. Ina wati 1,100 hadi 1,700 na uzito wa kilo 3 hadi 5. Hapa ndipo kikundi kinachotaka mkono na meza kinapaswa kutafuta.

3. Rauta kubwa. Ina wati 1,800 hadi 2,300, na nyingine zinafika kilo 6. Chini ya meza inafanya kazi siku nzima bila kulalamika. Mkononi inachosha, na fundi aliyechoka ndiye anayekatika.

Tena angalieni kitako. Kuna rauta ambayo ukishaipima kina, inabaki hapo hapo. Nyingine ni ya kuzamisha: unaiweka juu ya mbao, unaiwasha, halafu unaisukuma chini mpaka kina ulichopima, na ukiachia inarudi juu kwa springi. Kwa kazi ya mkono ya kitasa, maandishi na mifereji inayoanza katikati ya ubao, rauta ya kuzamisha ni salama zaidi na inafanya kazi safi.

MKONO NA MEZA HAVITAKI KITU KIMOJA

Mkono unataka mashine nyepesi, isiyoruka inapowashwa, yenye vishikio vizuri na swichi iliyo karibu na kidole. Meza haijali uzito. Inataka nguvu, koleti kubwa, kasi inayoweza kupunguzwa, na njia ya kupandisha biti kidogo kidogo kutoka chini.

Kwa hiyo rauta ya kazi mbili haitakuwa bora kabisa kwa upande wowote. Itakuwa ya kutosha kwa pande zote mbili, na kwa kikundi kinachoanza hiyo ndiyo busara. Shauri letu kwa kikundi cha nusu kwa nusu ni hili: rauta ya kuzamisha, wati 1,400 hadi 1,700, yenye koleti ya milimita 12 au nusu inchi, yenye kidude cha kupunguza kasi, na isiyozidi kilo 5.

MAMBO SABA YA KUANGALIA DUKANI

Mwandikie aliyetumwa orodha hii. Asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mashine ifunguliwe na iwashwe mbele yake.

1. Koleti. Hapa vikundi vingi vinapoteza pesa. Biti zinazouzwa Nairobi ni mchanganyiko: nyingine za milimita, nyingine za inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, sio 6. Nusu inchi ni milimita 12.7, sio 12. Biti ya nusu inchi haiingii kwenye koleti ya milimita 12. Biti ya milimita 6 ndani ya koleti ya robo inchi inaingia, lakini haibanwi vizuri, na inaweza kuchomoka ikiwa inazunguka. Chagueni kipimo kimoja na mnunue biti za kipimo hicho tu. Kwa meza, shina nene ni bora. Shina la nusu inchi lina unene mara mbili ya lile la robo inchi, lakini ugumu wake dhidi ya kupinda ni mara kumi na sita.

2. Kasi. Kuna rauta zenye nguvu ambazo zina kasi moja tu, kama 22,000. Kwa biti ndogo hakuna shida. Lakini chukueni biti ya paneli yenye upana wa milimita 80. Kwa kasi hiyo, ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna matatu ya Ngong Road iliyowahi kukimbia hivyo! Biti kama hiyo itaunguza mbao, itatetema, na inaweza kupasuka. Kwa kazi ya meza, msinunue rauta isiyopunguzwa kasi. Kwa ujumla fuateni kipimo hiki, isipokuwa biti yenyewe imeandikwa kasi ndogo zaidi:
– biti hadi milimita 25: kasi isizidi 24,000
– milimita 26 hadi 50: isizidi 18,000
– milimita 51 hadi 65: isizidi 16,000
– zaidi ya hapo hadi 90: isizidi 12,000

3. Swichi. Rauta nyingine zinawaka tu wakati kidole kimebana. Mkononi ni vizuri, lakini chini ya meza nani atabana? Iwe na kitufe cha kuifunga swichi ikiwa imewaka. Rauta inayoanza polepole pia ni nzuri, kwa sababu hairuki mkononi na haishtui stima dhaifu.

4. Kupandisha na kushusha. Igeuzeni juu chini pale pale dukani. Springi ya rauta ya kuzamisha itasukuma mota mbali na meza, na kupandisha biti kutakuwa kazi ngumu. Tafuteni yenye skrubu ndefu ya kurekebisha kimo, hata milimita moja moja.

5. Kitako. Kiwe cha chuma, kilichonyooka, chenye matundu ya skrubu ya kuifungia kwenye meza. Kitako cha plastiki nyembamba kinapinda.

6. Volti. Someni kibati cha mashine. Stima ya Kenya ni volti 240. Mashine za mitumba kutoka Uingereza zenye plagi ya njano ni za volti 110. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu, mota inaungua kwa dakika chache. Ukinunua transfoma ili itumike, bei rahisi imeshakuwa ghali.

7. Vipuri. Ulizeni kaboni, beringi na koleti ya mashine hiyo zinapatikana wapi. Kaboni huisha, ni kawaida. Mashine ambayo kaboni yake haipatikani ni chuma chakavu kinachongoja siku yake. Chukueni risiti yenye jina la duka na namba ya mashine.

BITI NI NUSU YA MASHINE

Sanduku la biti 12 au 15 za bei rahisi linavutia macho, lakini nyingi hazitaguswa kamwe. Ni heri biti nne nzuri: iliyonyooka ya milimita 12, ya kulainisha ukingo yenye beringi, ya kufuatisha kielelezo, na moja ya urembo ambao wateja wenu wanaupenda. Chagueni zenye meno ya kabaidi. Biti ya chuma cha kawaida inakata saipresi vizuri, lakini kwenye plaiwudi na MDF gundi iliyomo inaifanya butu haraka sana. Biti butu haikati, inaunguza. Mkiona ukingo umekuwa mweusi, msilaumu mbao.

STIMA YA KWENU INAWEZA NINI?

Rauta ya wati 1,600 kwenye volti 240 inavuta karibu ampea 7. Soketi nzuri inaweza, maana plagi yetu ina fyuzi ya hadi ampea 13. Taabu ni waya. Katika mitaa yenye msongamano kama Kibera, na vijijini pia, karakana nyingi zinapata stima kupitia waya mwembamba uliotoka mbali. Waya huo unapata moto, volti zinashuka, na mota inakosa nguvu. Fundi anaisukuma zaidi, na mota inaungua. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5, na kama imezungushwa kwenye gurudumu, ifungueni yote. Msitumie stima ya kuunganishiwa kwa njia ya wizi. Haina kinga, na imeua watu.

Kikundi kinachotumia jenereta kitafute isiyopungua wati 3,000. Sola ya taa na redio haiwezi kazi hii.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Stima ikipotea, mafundi wanaenda kunywa chai. Inaporudi, rauta iliyofungwa swichi inaanza yenyewe chini ya meza, pengine mtoto amesimama hapo. Wekeni kwenye meza swichi ile ambayo stima ikipotea inajizima mpaka mtu aiwashe tena. Kama hamjaipata, basi iwe sheria: stima ikipotea, zima na uchomoe plagi kwanza, chai baadaye. Na usiku plagi ichomolewe, na taka za mbao zifagiliwe zitolewe nje. Moto wa soko la Gikomba wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15. Mahali palipojaa mbao na vibanda vilivyobanana, cheche moja ni ya jirani wote.

MEZA MNAWEZA KUJITENGENEZEA

Msinunue meza ya kiwandani. Mafundi wa mbao mna ujuzi wa kutosha.

Shikanisheni plaiwudi mbili za milimita 18 kwa gundi, zipate unene wa milimita 36. Kateni nafasi katikati mtie bamba la alumini la milimita 6 hadi 10, lilale sawa kabisa na uso wa meza. Rauta inafungwa chini ya bamba hilo kwa skrubu. Iwe rahisi kuifungua, maana kesho inaenda kazi ya mkono. Kama kuitoa kunachukua zaidi ya dakika tano, mafundi wataacha kuitoa, na mtakuwa mmenunua mashine ya kazi moja.

Juu ya meza wekeni ubao wa kuongozea, ulionyooka, wenye uwazi pale biti ilipo. Nyuma ya uwazi huo mnaweza kutengeneza kisanduku cha kukusanya vumbi. Ongezeni ubao uliochanwa kama kitana, unaobana mbao isirudi nyuma, na vijiti viwili vya kusukumia. Miguu iwe mizito. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi kama zile za Kawangware, meza inayokunjwa ukutani inasaidia, lakini ikifunguliwa lazima isimame bila kutikisika. Mbao ya futi kumi inahitaji futi kumi za kuingilia na futi kumi za kutokea. Mafundi wengi wa mjini wanaipanga meza ielekee mlangoni kwa sababu hiyo.

VIDOLE, MACHO NA MAPAFU

Rauta haina huruma. Wafundisheni wote, hata wale wanaosema wanajua.

– Plagi itoke kabla ya kugusa biti. Kila mara.
– Ingizeni shina la biti mpaka mwisho, halafu lirudisheni milimita 2 au 3, ndipo mkaze kwa spana.
– Mkiishika mkononi, zungukeni ukingo wa nje kinyume cha mishale ya saa, na ukingo wa ndani kufuata mishale ya saa. Mkienda kinyume cha hapo, mashine inajivuta yenyewe na kukimbia.
– Kwenye meza, sukumeni mbao kutoka kulia kwenda kushoto. Msipitishe mbao kati ya biti na ubao wa kuongozea. Inarushwa kama jiwe la kombeo.
– Msichimbe kina chote mara moja. Milimita 3 hadi 5 kila safari. Mfereji wa milimita 12 ni safari tatu au nne.
– Biti kubwa za paneli ni za meza tu. Mkononi hapana, hata kwa dakika moja.
– Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na leso au kanga isininginie.
– Mtu wa chini ya miaka 18 asiendeshe mashine hii.

Kuhusu vumbi: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha kwamba vumbi la mbao husababisha saratani ya pua. Vumbi la MDF ni laini sana na linabeba gundi yenye fomalini. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Nunueni barakoa za vumbi zinazobana vizuri, miwani ya kazi, na vifuniko vya masikio. Ziwekeni katika bajeti ya mashine, sio baadaye. Katika nyumba za mabati zilizoshikana, kumbukeni pia jirani mwenye mtoto mchanga. Patana naye juu ya saa za kazi, na vumbi lisielekee dirishani kwake.

HESABU KABLA YA KUJENGA

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akauliza kama hataketi kwanza ahesabu gharama. Iko katika Luka sura ya 14. Tuhesabu sisi pia. Bei hizi ni za mfano tu. Wekeni za kwenu.

Tuseme kikundi kinapeleka mbao kwenye yadi yenye mashine kubwa na kulipa shilingi 10 kwa kila futi ya urembo. Kila mwezi ni futi 300, yaani shilingi 3,000. Rauta, biti nne, bamba, swichi na vifaa vya usalama vyote pamoja ni shilingi 36,000. Stima, kunoa biti na kaboni ni 1,000 kwa mwezi. Kinachookolewa ni 2,000. Mashine itarudisha pesa yake kwa miezi 18.

Kama ni futi 600 kwa mwezi, na gharama ni 1,500, kinachookolewa ni 4,500, na pesa inarudi kwa miezi 8. Lakini kama ni futi 100 tu, na gharama ni 500, mtaokoa 500, na mtangoja miaka sita. Kikundi hicho kiendelee kulipa yadi, kinunue rauta ndogo ya mkono, na akiba iliyobaki ifanye kazi nyingine. Hakuna aibu hapo.

MASHINE NI YA NANI?

Mashine nyingi za vikundi haziharibiwi na kazi, zinaharibiwa na kutokujua nani anawajibika. Leo iko kwa mwenyekiti, kesho imeazimwa na shemeji, keshokutwa koleti imepotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi iwe na daftari lake: tarehe, nani ameichukua, kazi gani, saa ngapi, imerudi ikiwa hali gani. Mtu mmoja ashike ufunguo, na mwingine ashike daftari. Mwanachama anayeitumia kwa kazi yake binafsi alipe kiasi kilichokubaliwa, na pesa hiyo iwekwe kando kwa ajili ya vipuri. Yaandikeni hayo katika katiba ya kikundi kabla mashine haijafika, kwa sababu baada ya kufika kila mtu atakuwa na maoni yake.

Wafundishwe watu wasiopungua watatu. Kikundi kinachotegemea fundi mmoja kitasimama siku fundi huyo akihamia mjini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kati ya kazi zetu za miezi mitatu iliyopita, ngapi ni za mkono na ngapi ni za meza?
2. Stima yetu inaweza kubeba ampea 7 bila waya kupata moto? Nani atakagua?
3. Tunalipa futi ngapi kwa mwezi kwenye mashine ya mtu mwingine?
4. Nani atashika ufunguo, na nani atashika daftari?
5. Mmoja wetu akiumia kazini, kikundi kitafanya nini kwa ajili ya familia yake?

Swali la tano msiliruke. Kikundi kikilijibu vizuri, hayo mengine manne hayatakishinda. Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na mikono yenyewe ibaki mizima.